Siku nne Alps kwa treni: mpango wa familia moja, ulipoyumba na ulivyopangwa upya

Familia ya kisa hiki ina watu watatu. Mume na mke ni Watanzania wanaofanya kazi Frankfurt na wana vibali vya ukaaji vya Ujerumani. Wa tatu ni mama mzazi wa mume, ana miaka 61. Amekuja kutoka Dar es Salaam kwa viza ya matembezi ya Schengen, yaani eneo la nchi za Ulaya zenye viza ya pamoja, na kila asubuhi anameza dawa ya presha. Wana siku nne katikati ya Septemba, Alhamisi hadi Jumapili, na hakuna kati yao aliyewahi kupanda treni ya mlimani. Familia yenyewe ni ya mfano. Vituo, vimo, reli na masharti ni vya kweli, na makosa ya mpango wao wa kwanza ndiyo yaleyale yanayorudiwa na wengi wanaokwenda Alps mara ya kwanza.

Mpango wa kwanza

Walipanga hivi. Alhamisi wanasafiri hadi Interlaken, nchini Uswisi, na kulala hoteli iliyo jirani na kituo cha Interlaken West. Ijumaa wanapanda Jungfraujoch, kituo cha treni kilicho juu mlimani, mita 3,454, kwa tiketi za tarehe hiyo na nafasi kwenye treni ya saa maalumu, zote zimelipiwa wiki sita kabla. Jumamosi wanakwenda Zermatt kuuona mlima Matterhorn na kurudi. Jumapili wanapitia Luzern, wanatembea mjini, jioni wanaingia Frankfurt. Tiketi za ICE, treni za kasi za Ujerumani, hawajanunua bado, kwa hoja kwamba treni za Ujerumani ni nyingi na nafasi haitakosekana.

Nafasi ni kweli haikosekani. Kinachopotea ni bei. Nauli za chini za treni za masafa marefu Ujerumani huuzwa kwa idadi maalumu kwa kila treni, na zile za Alhamisi asubuhi na Jumapili alasiri huisha mapema. Kwa hiyo familia imeacha wazi kitu pekee kinachostahili kufungwa mapema, yaani njia ya kufika na kurudi. Kisha imefunga kile kinachotakiwa kubaki wazi hadi asubuhi ya siku yenyewe, yaani siku ya kupanda juu. Makosa mengine yote ya mpango huu ni madogo ukilinganisha na hilo.

Jungfraujoch ukiwa ndani ya wingu huoni chochote. Hutaona barafu ya Aletsch, hutaona kilele cha Jungfrau kilicho mbele yako, utaona weupe tu mita chache nje ya kioo. Ukungu si sababu ya kurudishiwa fedha. Ni tiketi ambayo nauli kamili ya kwenda na kurudi kutoka Interlaken hupita faranga 200 kwa mtu mmoja. Kuinunua wiki sita kabla kwa Ijumaa fulani ya Septemba ni kucheza bahati nasibu.

Zermatt nayo, piga hesabu. Kutoka Interlaken Ost unabadilisha Spiez, unapita ndani ya handaki la Lötschberg lenye urefu wa kilomita 34.6, unabadilisha tena Visp, halafu treni ndogo inakupandisha bondeni kwa zaidi ya saa nzima. Kwenda ni kama saa mbili na robo, na kurudi vilevile. Saa nne na nusu kitini ili kuona mlima mmoja, tena kama upo wazi, wakati milima mitatu ya Eiger, Mönch na Jungfrau iko juu ya kichwa chako pale ulipolala. Zermatt ni pahali pazuri mno, lakini ni pa safari nyingine, ya kulala hukohuko.

Luzern ya Jumapili ina tatizo la mzigo. Interlaken hadi Luzern ni karibu saa mbili, Luzern hadi Basel, mji wa mpakani, kama saa moja, Basel hadi Frankfurt kama saa tatu. Mabegi yanatembea nao siku nzima, na mtu wa miaka 61 anapanda na kushuka ngazi za majukwaa mara nne.

Nyaraka, na hofu ya mama

Swali la kwanza la mama lilikuwa viza. Yake ni ya kuingia mara moja. Akienda Uswisi, si atakuwa ametoka, na kurudi Ujerumani atahesabiwa ameingia mara ya pili?

Hapana. Uswisi haimo katika Umoja wa Ulaya, lakini imo katika eneo la Schengen tangu Desemba 2008. Kuvuka kutoka Ujerumani kwenda Uswisi si kutoka Schengen, kwa hiyo ile ruhusa ya kuingia mara moja haitumiki. Siku nne za Uswisi zinahesabiwa ndani ya siku zake zilezile za viza. La kuangalia ni stika yenyewe kwenye pasipoti, mstari wa juu ulioanza na GÜLTIG FÜR (halali kwa). Ukisema SCHENGENER STAATEN (nchi za Schengen) bila nchi yoyote kuondolewa, mama yuko salama.

Kutokuwa na ukaguzi wa kudumu hakumaanishi hakuna ukaguzi. Ujerumani ina ukaguzi wa polisi kwenye mipaka yake ya nchi kavu, na treni za kutoka Basel zimo. Pasipoti halisi, si picha kwenye simu, ikae kwenye mkoba wa mkononi. Mume na mke wabebe pasipoti pamoja na kadi ya ukaaji, kwa sababu kadi peke yake haitoshi kusafiria.

Bima isomwe upya. Ile aliyokatiwa mama kwa ajili ya viza kwa kawaida inafunika nchi zote za Schengen, na ndiyo itakayofanya kazi. Wanaohitaji kuangalia zaidi ni mume na mke. Kadi ya bima ya afya ya Ulaya iliyo nyuma ya kadi yao ya Ujerumani ina mipaka Uswisi kwa mtu asiye raia wa Umoja wa Ulaya, hivyo wakate bima ndogo ya safari yenye uokoaji wa milimani. Helikopta ya uokoaji ya Rega inaitwa kwa 1414, gari la wagonjwa kwa 144, na 112 inaita pia.

Jambo moja la simu, kwa kuwa limewauma wengi. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya kutumia data nje bila malipo ya ziada haiilazimishi kampuni yako kwa Uswisi. Mikataba mingine inaijumuisha nchi hiyo, mingine haijumuishi, na dakika chache za ramani zinaweza kuzaa bili. Soma mkataba kabla ya Basel. Tiketi zote zihifadhiwe kwenye simu kwa namna inayofunguka bila intaneti, na simu iwe na chaji. Mkaguzi anasoma ile alama ya mraba, na simu iliyozima si tiketi.

Frankfurt hadi Lauterbrunnen

Mpango mpya unawalaza Lauterbrunnen, kijiji cha bondeni juu ya Interlaken, nao unaanza na tiketi ya ICE ya kwenda na kurudi, Frankfurt hadi Interlaken Ost, inunuliwe mara tarehe zinapokubalika kazini. Inunuliwe kama safari moja, isikatwe vipande viwili Basel. Sababu ni hii: nauli ya Sparpreis, yaani nauli ya bei nafuu ya reli ya Ujerumani, inakufunga kwenye treni uliyochagua. Ukiwa na tiketi moja ya safari nzima na treni ikatarajiwa kukufikisha ukiwa umechelewa dakika 20 au zaidi, kifungo hicho kinaondoka na unapanda nyingine. Ukiwa na tiketi mbili tofauti, ya pili haijui habari za ya kwanza. Kuna Super Sparpreis, ya bei ya chini kabisa, ambayo hairudishwi, na Sparpreis ambayo hurudishwa kwa makato kabla ya siku ya safari. Kwa watu wawili walioajiriwa na mzazi mwenye tarehe ya ndege ya kurudi, Super Sparpreis inafaa. Waongeze nafasi za kukaa, kwa kuwa ICE hukubali abiria bila nafasi na mama asije akasimama hadi Karlsruhe.

Baadhi ya ICE zinakwenda moja kwa moja hadi Interlaken Ost. Hizo ndizo za kutafuta kwanza. Lakini pangeni kana kwamba mtashuka Basel, maana treni ya Ujerumani ikichelewa sana, mara nyingi hukatishiwa Basel ili isivuruge ratiba ya Uswisi, na abiria huhamia treni ya Uswisi inayofuata. Hakuna hasara kubwa, kwani kutoka Basel SBB, kituo cha upande wa reli ya Uswisi, kuna njia ya kwenda Interlaken kila saa moja kwa moja, na nyingine kwa kubadilisha Bern. Treni za ndani za Uswisi hazihitaji nafasi ya kukaa. Unapanda na kukaa unapopenda katika daraja lako.

Basel ina mtego. Treni kutoka Ujerumani husimama kwanza Basel Badischer Bahnhof, kando ya pili ya mto Rhine, dakika chache kabla ya Basel SBB. Jina la mji linatangazwa, watu wanasimama, mabegi yanashushwa. Asishuke mtu. Kituo chao ni SBB.

Interlaken nayo ina vituo viwili. West kinakuja kwanza, Ost ndicho cha mwisho na ndicho chenye reli za milimani. Hoteli yao ya mwanzo ilikuwa jirani na West, maana yake kila asubuhi wangeanza na safari ya ziada ya kufika Ost.

Mtego wa tatu ndio unaonasa wengi, na uko kwenye jukwaa la Interlaken Ost. Treni ya Berner Oberland-Bahn inayoondoka hapo ni treni mbili zilizofungwa pamoja. Inafika Zweilütschinen, inasimama, inakatwa katikati. Nusu moja inafuata bonde la kushoto kwenda Grindelwald, nusu nyingine bonde la kulia kwenda Lauterbrunnen. Aliyekaa behewa lisilo lake hatahisi chochote, treni itaondoka taratibu kama kawaida. Tazama ubao wa jukwaa, utaona mchoro wa treni na herufi za sehemu ya jukwaa, kisha tazama kioo kidogo cha maandishi kwenye ubavu wa behewa: kinataja kituo cha mwisho cha behewa hilo, si cha treni nzima. Ukigundua kosa kabla ya Zweilütschinen, shuka hapo uhamie nusu ya pili. Ukigundua baadaye, mwambie mkaguzi kabla hajakuomba tiketi, shuka kituo kinachofuata na urudi.

Ratiba zote ni za saa 24, za Kizungu. Mama atakapoambiwa treni ni 14:05, hiyo ni saa nane na dakika tano mchana. Familia inayozungumza Kiswahili nyumbani ikubaliane mapema ni hesabu ipi inatumika safarini, maana saa sita za tofauti zinaweza kumkosesha mtu treni huku kila mmoja akiamini amesema sawasawa.

Wakiondoka Frankfurt saa mbili asubuhi, watakuwa Lauterbrunnen mchana wa saa nane au tisa hivi. Jioni hiyo wanatembea kwa miguu hadi Staubbach, maporomoko yenye urefu wa mita 297 yanayoanguka kutoka ukingo wa jabali nyuma ya kanisa na nyumba. Hayo yanatosha kwa siku ya kwanza.

Kwa nini walale Lauterbrunnen

Kituo kimoja cha kulala kwa siku zote tatu, huo ndio msingi. Swali ni wapi. Wengen, mita 1,274, ni kijiji kisicho na magari na mandhari yake haina mfano. Grindelwald ina Eiger dirishani. Interlaken ina maduka na hoteli za bei zote. Lauterbrunnen, mita 795, inashinda katika kisa hiki kwa sababu moja: ina pa kwenda hali ya hewa ikiwa mbaya.

Basi namba 141 linatoka mbele ya kituo kuelekea Stechelberg, na dakika chache tu baadaye linasimama Trümmelbach. Hapo maji ya barafu ya Eiger, Mönch na Jungfrau yamechimba njia ndani ya jabali na kushuka kwa maporomoko kumi, yote ndani ya mlima. Maji yanaweza kufika lita 20,000 kwa sekunde. Kuna lifti ya kupandia sehemu kubwa, kisha ngazi na vijia vyenye unyevu. Jabali linatetemeka, unaongea kwa kupaza sauti. Siku ya mvua pahali hapa panakuwa bora zaidi, si duni, na mtu tayari yuko ndani ya pango akiwa na koti la mvua.

Upande wa pili wa kijiji, gari la kebo linapanda Grütschalp kwa dakika chache, na juu yake treni ndogo inatembea ukingoni mwa jabali kama robo saa hadi Mürren, mita 1,638. Reli hiyo ilifunguliwa 1891. Ukiwa ndani yake, Eiger, Mönch na Jungfrau wamejipanga ng'ambo ya bonde, karibu kabisa. Kwa mama hili lilikuwa na uzito. Alikwishamwambia mwanawe: "Mwanangu, mimi nikiiona theluji kwa macho inatosha. Si lazima niikanyage." Mürren inampa theluji ya macho kwenye kimo ambacho presha yake haina shida nacho.

Siku mbili zisizo na majina

Ijumaa na Jumamosi hazipewi kazi. Kuna siku ya juu na siku ya chini, na mbingu ndiyo inayoamua ipi ni ipi. Uamuzi unafanywa kila siku saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kwa kuangalia kamera za moja kwa moja zilizo vileleni na utabiri wa MeteoSwiss, idara ya hali ya hewa ya Uswisi. Angalia kamera ya juu, usiangalie dirisha la hoteli. Asubuhi za Septemba bonde linaweza kujaa ukungu mzito wakati juu ya mita 2,000 jua linawaka, na waliochungulia dirishani wakarudi kulala wamepoteza siku bora ya safari yao.

Kamera ya Jungfraujoch ikionyesha vilele wazi, ni siku ya juu. Kilele kikiwa ndani ya wingu lakini Männlichen na Kleine Scheidegg, vituo vya mlimani vilivyo chini yake, vikiwa wazi, waende huko na waachane na Jungfraujoch. Wingu likishuka hadi Wengen, ni Trümmelbach, au meli ya ziwa Brienz, ambayo gati lake liko nyuma tu ya kituo cha Interlaken Ost. Ijumaa ikiwa wazi, wasiisubiri Jumamosi kwa matumaini ya kupata iliyo wazi zaidi. Panda siku ya kwanza inayofaa.

Siku ya juu, kuna njia mbili za kufika. Tangu Desemba 2020 gari la kebo liitwalo Eiger Express linamtoa mtu Grindelwald Terminal hadi kituo cha Eigergletscher, mita 2,320, kwa dakika 15, na treni ya Jungfrau inammalizia. Chini ya saa moja umetoka mita 940 na kufika 3,454. Njia ya zamani inapita Wengen na Kleine Scheidegg kwa reli ya meno ya Wengernalpbahn, iliyofunguliwa 1893. Kwa familia hii tunachagua ya zamani bila kusita, na si kwa mapenzi ya vitu vya kale.

Simama kidogo kwenye jukwaa la Lauterbrunnen utazame katikati ya reli mbili. Kuna chuma cha tatu chenye meno, kimelala kama ngazi. Chini ya treni kuna gurudumu la meno linaloshika ngazi hiyo hatua kwa hatua, kwa kuwa mwinuko unafika asilimia 25, mita moja juu kwa kila mita nne mbele, na gurudumu laini lingeteleza. Utagundua pia kwamba reli zimekaribiana kuliko za treni uliyoshuka. Upana wake ni sentimita 80, wakati ile ya kutoka Interlaken ni mita moja. Ndiyo maana hakuna treni moja ya kukupeleka moja kwa moja: unabadilisha Lauterbrunnen, na unabadilisha tena Kleine Scheidegg, ambako reli ya Jungfrau inarudi kwenye mita moja. Kushuka hakuna haraka kuliko kupanda, maana mteremkoni mwendo unazuiliwa kwa ajili ya breki. Hesabu ya kurudi ifanywe kwa muda uleule.

Kimo na presha

Wasomaji wanaoijua Kilimanjaro watalielewa hili upesi. Kwa njia ya Marangu, mpandaji analala Mandara, mita 2,720, siku ya kwanza, na Horombo, mita 3,720, siku ya pili. Jungfraujoch iko katikati ya hapo. Kile mlima wetu unakupa kwa siku mbili za miguu, huku waongozaji wakikukumbusha pole pole, treni inakupa kabla ya chakula cha mchana. Mwili haujapata taarifa. Hewa pale juu ina mgandamizo wa kama theluthi mbili ya ule wa pwani ya Dar es Salaam, na kila pumzi inaleta oksijeni pungufu kwa kadiri hiyo.

Kwa mtu mwenye afya anayekaa saa mbili au tatu, matokeo ya kawaida ni kuhema, kichwa chepesi, pengine maumivu ya kichwa. Kwa mwenye presha, jibu linatoka kwa daktari wake kabla ya safari, na aulizwe kwa namba: mita 3,454, kupanda kwa saa mbili, kukaa saa mbili. Akiulizwa tu kama mama anaweza kwenda mlimani, daktari atajibu kitu kingine.

Daktari akikubali, bado uamuzi wa mwisho uwekwe Kleine Scheidegg. Watu watatu wanakata tiketi hadi hapo, mita 2,061. Wanashuka, wanakaa nje kwa saa nzima wakiitazama Eiger, wananywa chai. Mama akiwa sawa, akipumua vizuri na akitaka mwenyewe, tiketi ya sehemu ya juu inanunuliwa dirishani palepale. Akihisi kizunguzungu, au akiridhika tu, anabaki chini na mkwewe, na mwanawe anapanda peke yake. Njia hii ina gharama yake, kwani siku ya jua treni za juu hujaa na huenda wakasubiri inayofuata. Kusubiri ni nafuu. Treni husimama Eismeer, mita 3,160, dakika tano, watu wakatazame barafu kupitia madirisha yaliyotobolewa kwenye jabali. Hapo pia mtu anaweza kujipima. Wasikimbilie dirishani na wasikimbilie ngazi za juu. Wanywe maji, pombe ibaki bondeni.

Reli hii ilianza kuchimbwa 1896 kwa wazo la Adolf Guyer-Zeller, ambaye alifariki 1899 na hakuiona ikifika. Ilifunguliwa tarehe 1 Agosti 1912. Kama kilomita saba kati ya tisa na kidogo ziko ndani ya handaki, kwa hiyo asiyependa kukaa gizani ndani ya mlima aambiwe mapema.

Fedha

Uswisi inauza pasi nyingi na majina yake yanafanana. Swiss Travel Pass inalipia treni, meli na mabasi kwa siku mfululizo, kuanzia siku tatu, lakini kwa upande huu inakufikisha Wengen, Grindelwald na Mürren tu, na kutoka hapo kwenda Jungfraujoch inakupa punguzo la asilimia 25. Ni pasi ya anayezunguka nchi nzima. Familia yetu haizunguki, na tiketi ya ICE imekwisha kuwafikisha Interlaken. Haiwafai. Jungfrau Travel Pass inaanzia siku tatu mfululizo na inafika Eigergletscher; ni nzuri kwa anayepanda kila siku, wao wana siku mbili kamili.

Inabaki Swiss Half Fare Card, kadi ya nusu nauli ya mwezi mmoja kwa wasioishi Uswisi, bei yake faranga mia na kitu. Hesabu yake ni nyepesi. Jumlisha nauli kamili za vyote utakavyopanda ndani ya Uswisi. Jumla ikizidi mara mbili ya bei ya kadi, nunua. Kwa mume na mke, Jungfraujoch peke yake karibu inairudisha kadi yote, na Mürren na safari za bondeni zinakamilisha. Kwa mama, ikiwa haendi zaidi ya Kleine Scheidegg na Mürren, jumla inaweza isifike. Usimnunulie mtu wa tatu kadi kwa sababu tu wawili wamenunua. Kila mtu apigiwe hesabu yake.

Chakula ndicho kinachowashtua wageni. Kuna duka la Coop mkabala wa Interlaken Ost; wanunue hapo kabla ya kupanda treni ya bondeni, na chupa za chai zijazwe asubuhi. Maji ya chemchemi za vijijini yananyweka isipokuwa palipoandikwa Kein Trinkwasser. Wakibeba nyama kutoka Frankfurt, mwisho ni kilo moja kwa mtu. Ile aliyokuja nayo mama kutoka nyumbani ibaki Ujerumani, na hata huko haikuruhusiwa kuingia.

Mzigo

Begi moja dogo kwa kila mtu, analoweza kulinyanyua mwenyewe hadi rafu ya juu. Joto linapungua kama nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000. Interlaken ikiwa nyuzi 20, Jungfraujoch itakuwa karibu nyuzi 1, na upepo unaishusha zaidi. Kwa hiyo sweta, koti linalozuia upepo, kofia, glavu, viatu vya kufunga vyenye soli ya kukamata. Miwani ya jua ni lazima, theluji inarudisha mwanga usoni, na mafuta ya kukinga jua yapakwe hata na ngozi nyeusi, midomo pia. Dawa za presha zigawanywe mikoba miwili. Plagi za Uswisi ni za matundu matatu: ile nyembamba ya pini mbili ya chaja ya simu inaingia, ile nene ya duara ya Ujerumani haiingii. Adapta moja na kipande cha soketi nyingi vinatosha kwa watatu.

Jumapili

Luzern imeondolewa. Asubuhi inabaki huru kwa kile ambacho mvua iliwanyima, au Mürren mara ya pili, mabegi yakiwa yamehifadhiwa kituoni au hotelini. Treni ya kurudi isiwe ya mwisho ya siku. Wachague inayoondoka Interlaken Ost mchana, ili ikitokea ICE imefutwa zibaki mbili nyuma yake. Watoke Lauterbrunnen treni moja kabla ya ile ambayo programu ya simu inapendekeza.

Wakifika Frankfurt wamechelewa dakika 60 au zaidi, robo ya nauli ya safari hiyo inadaiwa. Dakika 120 au zaidi, nusu. Wapige picha ubao wa kituo wenye saa ya kufika na waweke tiketi. Dai linajazwa na mume au mke akiwa nyumbani, kwa tiketi zote tatu kama zilinunuliwa kwa agizo moja. Hiyo ni sababu nyingine ya kutomnunulia mama tiketi kwa agizo la peke yake.